Shemeji Wino na Kuku Asiyeshikika

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliitwa Wino, na sababu ya jina ilikuwa kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa cheusi tititi na kilikuwa kimeshinda sabuni za kila namna. Siku alipokwenda kula kwa wakwe zake mara ya kwanza, mama mkwe alimletea maji ya kunawa, akamtazama anavyonawa, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, nawa vizuri, hatuna haraka." Akanawa tena. "Bado kidogo." Akanawa tena. Chakula kikapoa, mkwe bado ananawa. Mwishowe baba mkwe akasema mwacheni mtoto wa watu ale kwa kijiko.

Kazi yake ilikuwa kuchapa. Najua kuna watakaofikiri fimbo, kama alivyofikiri bibi wa mkewe, aliyeuliza, "Anachapa? Anawachapa akina nani, na wamemkosea nini?" Alikuwa anachapa karatasi. Alifanya kazi katika duka la uchapaji lenye mashine ya chuma ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu, ambayo ukiikanyaga inafunga na kufungua taya kama mamba anayepiga miayo. Kwenye mashine ile alichapa kadi, tiketi, mabango na kalenda. Halafu watu wakaanza kuchapa wenyewe majumbani kwa kompyuta, na duka likafungwa. Mwenye duka alimwambia aichukue mashine, maana hata wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakija kuijaribu uzito na kuondoka wameshika viuno.

Wino akaileta nyumbani, akaiweka barazani chini ya turubai. Mkewe, Mama Mapacha, alitoka na mwiko mkononi akaitazama.

"Hii nini?"

"Mashine yangu."

"Naona unaipapasa."

"Naifuta vumbi."

"Mimi nina vumbi tangu juzi, hujanifuta. Baba, sema tu ukweli kwamba umeniletea mke mwenza. Tena ni mzito kuliko mimi na ana umri mkubwa kuliko mama yangu. Karibu, Bi Mkubwa. Mume ni huyo, tugawane."

Tangu siku hiyo mashine ikaitwa Bi Mkubwa na mtaa mzima.

Sasa, kulikuwa na jengo moja la ghorofa lenye duka la miwani chini, na juu yake ikahamia kampuni mpya. Wakabandika karatasi mlangoni: KAMPUNI YA KIMATAIFA YA MICHEZO INATAFUTA MCHAPISHAJI. Wino alikuwa anapita kutafuta kibarua chochote. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena, akakimbia nyumbani kubadilisha shati.

Hapa lazima nieleze, maana kisa chote kimekaa kwenye neno hilo moja. Kampuni ile ilikuwa ya michezo ya video, ile ya kwenye skrini, inayochezwa kwa vidole na watu waliokaa. Katika biashara hiyo, mchapishaji ni yule anayechagua mchezo gani utoke, akausimamia mpaka ukawafikia wachezaji. Hagusi wino maisha yake yote. Lakini meneja wa kwanza, mtu wa mbali mwenye ndevu nzuri, alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni, na kitabuni akalikuta neno moja lenye nyumba mbili. Akabisha hodi nyumba moja, shemeji yangu akaitikia kutoka nyumba ya pili.

Mahojiano yao nimesimuliwa na wote wawili, kwa nyakati tofauti, na kila mmoja akinisihi nisimwambie mwenzake.

"Umewahi kuchapisha michezo?" aliuliza Meneja.

"Mingi sana. Mpira, ndondi, mbio za baiskeli. Hata mashindano ya kuvuta kamba."

Meneja akaandika: kuvuta kamba. Hakuwahi kuusikia mchezo huo wa video. "Kwa mwaka unachapisha mingapi?"

"Mimi sihesabu kwa mwaka, Meneja. Nikianza asubuhi, kufika mchana ni maelfu."

Meneja akaweka kalamu chini. Makao makuu, pamoja na watu wao wote na viti vyao vya kuzunguka, walikuwa wakichapisha miwili kwa mwaka, na huo wa pili kila mara ulichelewa.

"Unawezaje?"

"Ni mguu tu," akasema Wino. "Ukishapata mwendo wa mguu, mikono inafuata yenyewe."

"Unafanya kazi na watu wangapi?"

"Niko peke yangu na Bi Mkubwa."

"Bi Mkubwa ni nani?"

"Ndiye mwenye kazi hasa. Mimi namkanyaga tu."

Meneja akameza mate, lakini akampa kazi palepale. Siku ileile akawaandikia makao makuu kwamba amepata mchapishaji wa ajabu, anayetoa maelfu kabla ya mchana. Kesho yake asubuhi akachungulia dirishani, akamwona huyo wa ajabu anasukuma mkokoteni wenye lichuma la kutisha, nyuma yake mkewe anasukuma pia huku akisema kwa sauti ya furaha, "Nenda, Bi Mkubwa, nenda kwa amani, usiandike barua."

Meneja akaelewa kila kitu. Lakini barua ilikuwa imeshakwenda, na makao makuu walikuwa wamejibu kwa pongezi. Akafunga pazia. Wakampa Wino chumba cha stoo, wakamwekea kibao mlangoni: MCHAPISHAJI.

Mimi niliingia pale baadaye, kwa neno lake, kupika chai. Kazi ya chai inamfaa mtu asiyependa kusemasema. Unaingia, unaweka, unatoka, na unasikia. Ndiyo maana historia ya kampuni ile naijua kuliko inavyonihusu.

Ilianzia mbali, kwa ndugu wawili waliokuwa wakiuza saa za kuamsha watu. Shida ya saa za kuamsha ni kwamba mtu anaizima na kulala tena. Basi yule ndugu mdogo akatengeneza saa yenye kidirisha, ndani yake anakimbia kuku, na kelele hainyamazi mpaka umshike kuku huyo kwa kubonyeza vitufe. Kweli watu waliamka. Lakini hawakuinuka kitandani. Walikaa wanamfukuza kuku mpaka saa za kazi zikapita, na jioni wakarudi kumfukuza tena. Wengine waliandika kuomba saa isiyo na saa, yenye kuku peke yake. Ndugu mkubwa alilia, maana alipenda saa. Mdogo akamfariji, kisha akatoa mchezo wa kuku mtupu, akauita Kuku Hashikiki. Ukafuata Kuku Hashikiki wa Pili, wa Tatu, na mwingine ambamo kuku amevaa suruali.

Meneja alimsimulia Wino habari hizi kwa macho yenye machozi. Wino alisikiliza vizuri, akauliza, "Na huyu kuku ni jogoo au mtetea?"

Meneja hakujua. Akapiga simu makao makuu. Nao hawakujua. Wale ndugu wawili waliulizwa kila mmoja peke yake, mmoja akasema jogoo, mwingine akasema mtetea, wakagundua kwamba miaka yote hiyo walikuwa hawaelewani. Wakaacha kusalimiana. Makao makuu wakaandika kumsifu mchapishaji wetu kwa jicho lake kali, na ndugu mkubwa, kwa hasira, akauza sehemu yake kwa kampuni ya magodoro.

Watu wa magodoro walikuja wengi, wote wametulia. Walipita chumba kwa chumba wakiuliza kila mtu anafanya nini, na waliowajibu kwa maneno marefu waliondolewa. Walipofika stoo walisoma kibao, wakamkuta Wino anakanyaga, wakachapiwa kadi zao za majina papo hapo, wakaondoka wananong'onezana. Niliwasikia nikiwa na sinia mlangoni.

"Tumenunua mchapishaji. Mchapishaji mwenyewe ndiye yule. Tukimfukuza, tumenunua nini?"

Hawakumgusa. Walichotaka ni kuku alale. Wakatoa mchezo wa kuku aliyelala juu ya godoro, na mchezaji kazi yake ni kutomwamsha. Ulikuwa mchezo mzuri, lakini hakuna aliyewahi kuumaliza akiwa macho.

Baada ya magodoro tukaunganishwa na kampuni ya michezo ya magari. Hao hawakukaa chini hata kunywa chai, walikunywa wakitembea, na vikombe nilivikuta ngazini. Wakataka kuku aendeshe gari. Ukaitishwa mkutano mrefu juu ya swali kama miguu ya kuku inafaa kwa breki, klachi na mafuta. Wakabishana mpaka wakaja kumwita Wino, kwa kuwa alikuwa ndiye mtu pekee jengoni anayekanyaga kitu kwa ajili ya riziki.

Wino akafikiri. "Kuku mbele ana vidole vitatu. Pedali ni tatu. Tatizo liko wapi?"

Mkutano ukafungwa kwa makofi.

Ndivyo alivyoishi shemeji yangu. Wenye kampuni walibadilika, jina nje lilibadilika, mameneja walikuja na kwenda, hata yule mwenye ndevu aliondoka akituaga kwa kwikwi. Wino alibaki stoo na Bi Mkubwa wake, akichapa vikaratasi vya maelekezo, kadi za majina, kalenda zenye kuku, na kwa ombi langu mimi, tangazo la jikoni lisemalo KIKOMBE CHAKO KIKUJUE. Mtaani walimheshimu, ingawa hawakuelewa. Nahodha wa timu ya mpira alikuja kuomba jezi, kwa kuwa alisikia ni kampuni ya michezo, akatoka na bango la kuku. Wakajiita Timu ya Kuku. Wakashindwa kila mechi, lakini hakuna aliyewashika.

Kisha watu wa magari nao wakauza. Safari hii walionunua hawakuja kabisa. Walionekana kwenye skrini tu, vichwa na mabega, na walikunywa maji ya moto yasiyo na kitu. Wakabadilisha jina la kampuni likawa herufi moja peke yake, ambayo hakuna aliyejua isomwe vipi. Mlinzi wa getini alikuwa anaitamka kwa kukohoa. Na hao ndio waliomtuma Bi Kufuli.

Jina lake hasa sikulisikia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye ofisi za kampuni akizifunga, na jina lilimtangulia kutoka ofisi aliyokwisha kuifunga. Mhasibu wetu, kijana mwenye mdomo, ndiye aliyetuletea habari jikoni.

"Kesho asubuhi Bi Kufuli yuko hapa. Kila mtu aonyeshe alichokifanya mwaka huu. Asiye na cha kuonyesha, kwaheri. Halafu stoo inasafishwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshaitwa, Mzee Wino. Wamesema safari hii wanakuja na nyundo, wamvunjie hapahapa wambebe vipandevipande."

Wino alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilibaki hewani.

"Wamvunje nani?"

"Si huyo Bi Mkubwa wako."

Sikuwa nimewahi kumwona shemeji yangu anakosa rangi. Hata kile kidole nilikiona kama kimepauka. Alipokuwa kijana asiye na kitu, mashine ile ndiyo iliyomfanya aitwe fundi. Herufi za kwanza alizozisoma vizuri alizisoma kwenye vipande vya risasi vya kuchapia, kinyumenyume, kabla ya kuzisoma kitabuni. Kazi angepoteza, angelia, angepata nyingine. Lakini nyundo?

"Mwanangu," akamwambia Mhasibu, "nifanye nini?"

"Mzee, wewe si mchapishaji wa michezo? Onyesha mchezo ulioutoa, basi. Umekwisha!" Mhasibu akacheka, akachukua biskuti, akaenda zake.

Yeye alitania. Wino hakusikia utani. Aliweka kikombe chini polepole, akasema, "Kumbe ni hilo tu," akaniomba ruhusa ya kuondoka mapema, mimi ambaye sikuwa na mamlaka hata juu ya birika.

Jioni nilimkuta barazani kwake amepiga magoti juu ya ubao, anachonga kwa patasi. Hakuwa amechonga ubao tangu enzi za duka, kwa kuwa herufi za risasi zinakuja zimeshatengenezwa. Alikuwa anachonga njia ya vijumba vingi vinavyozunguka kama konokono. Juu kushoto alichora yai, na kila kijumba akakiwekea maneno yake. Kutoka yai njia inapita kwa kifaranga, inapita uani, inapita kwa mwewe, kwa mtu mwenye kisu, inazunguka mpaka juu kulia, ambako kuna sufuria. Ni mchezo wa kukaa mezani, wa kutupa dadu na kusogeza.

"Anayefika sufuriani kwanza ameshinda," akanieleza.

"Lakini kuku si amekufa?" niliuliza.

"Mchezo wa kuku utaishia wapi kama si sufuriani? Mimi si mwongo."

Mama Mapacha alikuwa anaanika nguo juu ya vichwa vyetu. "Mwanamume amekonda kwa ajili ya mke mwenza. Mimi nilipougua jino aliniambia nisukutue."

"Mama Mapacha, watamvunja kwa nyundo."

Alitoa kibanio mdomoni. Halafu akasema, "Chonga basi, unaongea nini," akasogeza nguo zake mwanga usimkatike mumewe.

Asubuhi Wino alikuwa wa kwanza ofisini. Akafunga ubao kwenye mashine, akapaka wino, akaweka karatasi, akakanyaga. Bi Mkubwa akafumba taya, akafumbua. Wino akaivuta karatasi, akaitazama, akakaa chini sakafuni.

Alikuwa amesahau kuchonga kinyume. Fundi wa risasi miaka yote, mtu aliyesoma kinyumenyume kabla ya kusoma mbele, siku hiyo kwa wasiwasi alichonga moja kwa moja kama mtu wa kawaida, na karatasi ikatoka imegeuka. Maneno yote yalikuwa yanakwenda nyuma. Yai lilikuwa limehamia kulia, na sufuria imekaa kushoto, mahali ambapo kila mtu huanzia.

Viatu vikasikika koridoni. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja mrefu mwenye mkoba mkubwa wenye kishikizo cha chuma, na kila alipoufungua na kuufunga ulilia *tak*. Nyuma yake Mhasibu, nyuma ya Mhasibu wanaume wawili wa vyuma chakavu na nyundo zao, na mimi na sinia.

"Wewe ndiye mchapishaji?" akauliza Bi Kufuli.

"Ndimi, Madam."

"Mwaka huu umechapisha nini?"

Wino akamnyooshea karatasi. Ilikuwa bado mbichi.

"Hiki nini?"

"Mchezo, Madam."

"Wa video?"

"Wa... wa kutazama, ndiyo."

Bi Kufuli akaigeuza huku na huku. "Mbona maandishi yako nyuma mbele?"

Wino akafungua mdomo, na nadhani alitaka kusema ukweli, lakini jicho lake likaangukia nyundo. "Unasomwa kwa kioo, Madam."

*Tak.* Bi Kufuli akatoa kioo chake cha poda, akakielekeza. Akasoma kwa sauti: "Sufuria." Akainua nyusi. "Kwa hiyo tunaanzia sufuriani?"

"Ndi... ndiyo."

"Kuku ameshapikwa?"

"Ameiva kabisa, Madam."

"Halafu?"

Jasho lilikuwa linamtiririka. "Halafu... anarudi."

"Anarudi wapi?"

"Kwake. Kwenye yai."

Mtu mmoja wa nyundo akasema taratibu, "Ee, hapo pazuri."

"Dadu iko wapi?" akasema Bi Kufuli.

Dadu haikuwepo. Wino akachukua kipande cha sukari kwenye sinia langu, akakitia vitone kwa kile kidole gumba chake. Bi Kufuli akavua hereni moja ikawa kuku wake, Mhasibu akatoa kifuniko cha kalamu, wakaanza, kwa dakika chache tu, alisema mama yule, nione inavyokwenda.

Ilikwenda hivi: kwanza alisimama, kisha akakaa, kisha akavua viatu. Alipofika kwa mtu mwenye kisu akaweka kioo, akasoma, akapiga kelele, "Kichwa kimerudi! Nina kichwa!" Mhasibu akakwama kwenye mchuzi, akaanza kulalamika kwamba sukari imeelemea upande mmoja. Wale wa vyuma chakavu waliweka nyundo chini, mmoja akawa upande wa hereni, mwingine upande wa kifuniko.

"Mama, pita uani, usimwogope mwewe!"

"Mwewe sasa anamfanya nini? Kinyume chake si anamtapika?"

"Anakutapika, Madam, unasonga mbele!"

"Ametapika! Nimeota manyoya! Wewe Mhasibu bado uko kwenye mchuzi? Pole, kitoweo."

Ilipofika zamu ya mwisho, Bi Kufuli alihitaji sita aingie yaini. Akatupa. Sukari ikabingirika, ikagonga kikombe cha Mhasibu, ikarukia ndani ya chai.

"Ilikuwa sita!" akapaza sauti Bi Kufuli.

"Ilikuwa mbili, nimeiona ikizama," akasema Mhasibu, na kwa kuchanganyikiwa akanywa.

"Amekunywa ushahidi! Jamani, amekunywa ushahidi mbele ya macho yangu!"

Meneja mpya alipoingia mbio kwa zile kelele, alimkuta mgeni wake wa makao makuu amesimama pekupeku juu ya kiti, anapiga kifua akisema, "Mimi ni yai! Sema! Mimi ni yai!"

Baadaye Bi Kufuli alivaa viatu vyake, akaenda dirishani, akazungumza na skrini yake kwa muda mrefu. Wino alikaa amemshika Bi Mkubwa mkono wa chuma. Mama yule aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

"Ofisi haifungwi. Mchezo tutautoa duniani kote, na maandishi yatabaki yamegeuka, tutauza na kioo. Na wewe Mzee utapewa ofisi ghorofa ya juu, yenye kiti cha kuzunguka. Mashine tunaichukua."

"Mnaipeleka wapi?"

"Makao makuu, getini kabisa. Tunaandika upya historia ya kampuni. Tutasema kampuni ilianza na mashine hii."

"Lakini kampuni ilianza na saa, Madam. Na godoro katikati."

"Saa haipendezi kwenye picha."

Wino akakuna kichwa. "Huko atakanyagwa na nani?"

"Hatakanyagwa... haitakanyagwa. Itawekwa ndani ya sanduku la kioo."

"Na wino wake?"

"Utasafishwa wote. Itang'aa."

Nilimwona anatazama zile nyundo sakafuni, kisha anamtazama mama yule, kama mtu anayelinganisha. Sote tuliokuwa pale tulikuwa tunamkonyeza akubali. Kiti cha kuzunguka, jamani! Hata Mhasibu alikuwa anatikisa kichwa juu chini kwa niaba yake.

"Madam, mchezo chukueni. Ubao huu hapa, kioo mnacho. Kazi pia chukueni. Mashine naondoka nayo."

"Unakataa cheo?"

"Hicho cheo nilipewa kwa bahati, na mwenye kunipa alijua siku ya pili kwamba amekosea. Huyu nilipewa nikiwa na akili zangu."

Bi Kufuli akamtazama sana. *Tak*, akafunga mkoba. "Basi tutatengeneza ya plastiki. Kwenye picha hakuna tofauti."

"Na bado mtasema kampuni ilianza nayo?"

"Kwa nini tusiseme?"

Mkokoteni ulitolewa na wale wa vyuma chakavu, kwa kuwa walikuwa wamekuja nao, na waliona aibu kurudi mikono mitupu. Tulisukuma wanne, Bi Mkubwa katikati ametulia kama bibi harusi. Njiani wale wawili waligombana kwa nguvu juu ya ile sukari, sita au mbili.

Mama Mapacha alikuwa mlangoni. Aliuona mkokoteni tangu kona ya mbali, akatungojea.

"Huyo karudi."

"Karudi," akasema Wino.

"Na kazi?"

"Nimeiacha."

"Umeiacha wewe, au imekuacha?"

"Nimeiacha mimi. Walitaka kumweka kwenye sanduku la kioo, Mama Mapacha. Asikanyagwe tena."

Nilisogea nyuma ya mkokoteni, maana maneno ya mke na mume si ya shemeji. Mama Mapacha alishuka ngazi, akaizunguka mashine, akaipiga kofi ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Sikiliza, Bi Mkubwa. Upande wa kamba za nguo ni wangu. Upande wa ukuta ni wako. Kelele mwisho magharibi. Na ukimwagia wino shuka zangu, nyundo mimi ninayo pia." Kisha kwa mumewe, "Kadi za watu bado zinachapwa, au? Mwalimu wa shule jana aliniuliza habari za vyeti, nikamwambia sijui, mume wangu ni mkubwa wa kimataifa. Kesho nitamwambia ameshushwa."

Wino akacheka mpaka akajishika magoti. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ile karatasi ya kwanza, imekunjwa, wino umemchafua shati.

"Huo ndio mchezo wenyewe?" akauliza mkewe. "Leta sukari, shemeji. Nione mlichokuwa mnapigia kelele." Akaitandaza karatasi juu ya Bi Mkubwa, akainama, akageuza shingo, akashindwa kusoma. "Mimi naanzia wapi?"

"Sufuriani," akasema Wino.

"Kama kila siku," akasema Mama Mapacha, akatupa.